Jibu: Nimeonja vijiko viwili, mwenzangu kamaliza sahani. Mbona naharisha mimi?

Mkuu, kinachohesabiwa si vijiko, ni idadi ya vimelea vilivyomo. Na hujasema kila mmoja alikula saa ngapi, jambo ambalo ni nusu ya jibu.

Chukulia chakula kilipikwa asubuhi kikaachwa mezani na bakteria 10 tu. Kwenye joto linalowafaa, wengi hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi. Saa 6 baadaye wamefika milioni 2.6. Kwa hiyo aliyemaliza sahani saa saba mchana anaweza kuwa amekula wachache mno kuliko wewe uliyeonja saa moja jioni. Tena hawasambai sawasawa: katikati ya sufuria kubwa hupoa polepole kuliko pembeni, na huko ndiko wanakozaliana.

Halafu inategemea ni kimelea gani. Bakteria wa Shigela 10 hadi 100 wanatosha, E. koli O157 vivyo hivyo, na norovirusi haihitaji hata 100. Kwa hao, kula kidogo hakukuokoi. Salmonela kwa kawaida hutaka laki na kuendelea, ila ndani ya chokoleti au jibini wachache tu wamewahi kuangusha watu, maana mafuta huwakinga na asidi ya tumbo.

Asidi hiyo watu huisahau. Kwenye majaribio ya kipindupindu, watu wazima wenye afya walihitaji bakteria milioni 100 na zaidi ndipo waugue. Walipotangulizwa bikaboneti ya kupooza asidi, makumi ya maelfu yalitosha. Anayemeza omeprazole (dawa ya kupunguza asidi ya tumbo) kila siku na asiyemeza hawali dozi moja, hata wakichangia kijiko.

Pale unapoweza kweli kusema "aliyekula zaidi ndiye ataumia zaidi" ni kwenye sumu, hasa ya stafilokokasi, bakteria wanaotoka mikononi na puani mwa mpishi. Sumu hiyo chini ya mikrogramu 1 inatosha, kutapika huanza ndani ya saa 1 hadi 6, na dozi kubwa kwa kawaida huwahi. Kuchemsha upya kunaua bakteria, sumu inabaki. Ndiyo maana "nilikipasha moto vizuri" si utetezi.

Kinachobaki kigawe kwenye vyombo bapa, kina kisichozidi sentimita 5, kiingie friji ya nyuzi 5 au chini ndani ya saa 2. Sufuria nzima ya moto ukiitumbukiza friji, katikati yake itakaa vuguvugu kwa saa nyingi. Ukipasha, katikati ifike nyuzi 75.

Na hiyo tabia ya kuonja ili kujua kama kimeharibika iache, hasa kwa kopo lililovimba. Sumu ya botulinamu haina harufu wala ladha, na kuonja kidogo tu kunaweza kukupooza.