Toluini, zamu ya saa 12: usibandike hiyo 200!

Simama hapo hapo, ndugu yangu. Karatasi hiyo usiibandike ukutani. Wasema karakana yenu hapo Liwatoni yapaka rangi boti kwa zamu za saa 12, mshauri kawaandikia kikomo cha toluini, ile kemikali ya kwenye thina ya rangi, sehemu 200 kwa milioni ya hewa, nawe wauliza kama kinafaa na ununue barakoa gani.

Hakifai! Nami niliandikiwa hiyo hiyo 200, na bwana aliyefunga tai kwenye joto la kaskazi. Tai tu ingenishtua. Aliitoa kwenye jedwali la OSHA, idara ya serikali ya Marekani ya usalama kazini, akapiga muhuri, akala hela zake. Hakutaja kwamba OSHA wenyewe wamekiri vikomo vyao vingi vimepitwa na wakati, wala kwamba ACGIH, chama cha wataalamu wa afya kazini cha huko huko Marekani, wao wasema 20. Ishirini!

Lakini kilichonifilisi ni saa. Vikomo hivi huhesabiwa kwa wastani wa siku ya saa 8, wiki ya saa 40. Mtu akishinda saa 12 ndani ya thina, anavuta zaidi, na mwili wabaki na saa chache za kuitoa. Mimi nikanunua feni za kutoa hewa kwa hesabu ya 200. Kipimo kikasoma chini kabisa, tukapongezana, huku jioni mafundi wanaumwa vichwa na mmoja ashuka ngazi kwa kushika ukuta. Nikalaumu miraa. Wallahi, miraa! Mwisho feni zote ziling'olewa tukanunua nyingine. Zile za kwanza ziko kwa muuza mishkaki, angalau kule zina kazi.

Sasa shika hii, mengine yote baadaye: usiandike kikomo bila kuandika saa zake. Hesabu ni ya watafiti wawili, Brief na Scala, ya 1975. Gawanya 8 kwa saa za zamu. Saa za siku zilizobaki, zigawanye kwa 16. Zidisha majibu hayo mawili, kisha uzidishe na kikomo. Zamu ya 12 yatoka nusu, kwa hiyo 20 yawa 10. Kumi, si mia mbili!

Na hiyo 12 ni ya kweli au ya kwenye daftari? Vijana wakiingia saa kumi na mbili asubuhi na kubakizwa hadi saa mbili usiku kwa sababu mwenye boti ana haraka, hizo ni 14, na kikomo chako ni kama 7.