"Hadi 6000": imefika, au iko njiani?

SWALI: Nimenunua RAM, yaani kumbukumbu ya kompyuta, ya aina ya DDR5. Kwenye boksi pameandikwa "kasi hadi 6000 MHz". Mwenzangu anashikilia kwamba Kiswahili sanifu ni "mpaka 6000 MHz". Nani kati yetu yuko sahihi?

JIBU: Nyote wawili, na ugomvi uishe hapo. "Mpaka" ni neno letu la Kibantu, ndugu yake ni "pakana". "Hadi" tumeipata kwa Waarabu, kwao ni "hadd", yaani ukomo. Yote mawili yalianza kama mstari wa mwisho wa kitu, sasa ni vihusishi vyenye kazi moja.

Kinachonikera ni kwamba mmeng'ang'ania neno, sentensi nzima mkaiacha ipite. Mtoto ametembea hadi mtoni. Je, amefika mtoni? Amefika. Angegeukia njiani tungesema alielekea mtoni, au alikuwa akienda mtoni, "hadi" tusingemkopesha. Maji yalipanda hadi magotini: magoti yameloa. Nimesoma hadi ukurasa wa 40: niulize cha ukurasa wa 40, nitakujibu. "Hadi" ya Kiswahili ni ya aliyefika. Hiyo ya boksini ni ya anayesema "Mungu akipenda". Mtu kachukua "up to" ya tangazo la Kiingereza, kalivika kanzu, kaliingiza sokoni, nasi tumeliitikia salamu.

Chomeka kijiti chako cha RAM, washa kompyuta, usiguse kitu. Kijitini mna chipu ndogo iitwayo SPD, ndiyo inayoueleza ubao mama uwezo wa RAM hiyo. Ubao huanza na kasi ya kawaida, ile iliyomo katika viwango vya JEDEC, shirika linaloweka viwango vya kumbukumbu, na kwa vijiti vingi vya DDR5 vinavyouzwa kama 6000, hiyo ni 4800, pengine 5600. Hapo ndipo mtoto wetu alipoketi, chini ya mti, mto hajauona. Ile 6000 imo katika SPD hiyo hiyo, lakini kwenye mpangilio wa pembeni uitwao XMP kwa Intel na EXPO kwa AMD, nao kwa kawaida haujiwashi. Sharti uingie BIOS, yaani mipangilio ya ubao mama, uuchague, uhifadhi, kompyuta ijiwashe upya. Tena huko ni kuiendesha kumbukumbu kupita kiwango: volti hupanda kutoka 1.1 hadi 1.35 hivi (hadi hii naipitisha, volti imefika kweli), na kidhibiti cha kumbukumbu kilichomo ndani ya prosesa hakikuahidi chochote. Prosesa za Ryzen 7000, kwa mfano, AMD yenyewe imezitangazia 5200 ukiweka vijiti viwili. Jaza nafasi zote nne, tangazo linashuka mpaka 3600. Ukilazimisha, huenda mashine ikagoma kuwaka, au ikazima katikati ya kazi, kisha lawama zote zikatupiwa RAM. Kabla hujairudisha dukani, ishushe 5600 uone kama inatulia.

Na hiyo "MHz" nayo mmeipita kama jirani msiyesemezana naye! DDR huhamisha data mara mbili kwa kila pigo la saa. Mapigo ni MHz 3000. 6000 ni mihamisho, milioni 6,000 kwa sekunde, nayo kipimo chake ni MT/s. Ndiyo sababu programu ya CPU-Z huonyesha takriban 3000, na watu wakakimbilia kwa muuzaji kudai nusu ya mali yao. Kusema MHz 6000 ni kuhesabu nyayo kisha ukatangaza idadi ya watu. Hili lakini nimechoka kulipigania. Watengenezaji wameliandika miaka na miaka, liandikeni nanyi, mradi mjue mnachoandika.

Neno "kasi" lenyewe limeficha jambo. Tafuta kwenye lebo herufi CL: ni idadi ya mapigo ambayo RAM huchukua kabla ya kuitika. Zidisha CL kwa 2000, gawanya kwa ile 6000. CL30 inakupa nanosekunde 10, CL40 inakupa 13.3. Vijiti viwili, boksi zote zimeandikwa "hadi 6000", kimoja kinachelewa kuitika kwa theluthi nzima. Aliyeandika "hadi" kwa herufi za kidole gumba ameandika CL kwa herufi za sisimizi.

Boksini pakiandikwa "Kwa wacheza gemu", maana yake ni bamba la bati lenye nakshi, na taa ukibahatika. Nalivumilia, halimdhuru mtu. "Yenye ECC" ndiyo hatari. Chipu zote za DDR5 zina usahihishaji wa makosa ndani mwake, na muuzaji mjanja huuita ECC bila kusema uongo. Ila huo haulindi data ikiwa njiani kwenda kwenye prosesa. ECC kamili inataka chipu za ziada kijitini, na prosesa na ubao mama vinavyoikubali.

Boksi lingetosha kuandikwa "4800, 6000 ukiwasha XMP". Sasa nyinyi wawili ingieni BIOS mkatazame. Mkikuta 4800, mwambie mwenzako si hadi wala si mpaka: RAM yenu inaelekea 6000.