Kiwiko cha mtoto: altrasaundi au eksirei?

SWALI: Shikamoo daktari, mwanangu wa miaka 6 kaanguka kwenye punda huku Lamu, kiwiko kimevimba, wakampima na altrasaundi ile ya mimba, kweli inaona mfupa? – Mama, Langoni

JIBU: Marahaba mama. Inaona, tena haina mionzi. Wanachotafuta ni damu ndani ya kiungo, ikijaa inayainua mafuta ya nyuma ya kiwiko, sasa mafuta yakiwa yametulia mahala pake basi kuvunjika ni nadra, huenda eksirei msiihitaji. Yakiinuka, eksirei lazima, ndo inaonyesha mfupa umekaaje. Inategemea na ujuzi wa anayepima pia. Na tafadhali asikandwe! Vidole vikiwa baridi au vikifa ganzi, hospitali saa hiyohiyo.