Kumpata mhasibu mwenye CPA: yaliyonipata kabla ya kumpata wa kweli

Ndugu muuliza swali, umeeleza kwamba biashara yako imeingia mwaka wa pili, barua za mamlaka ya mapato zimeanza kukufikia, na sasa unatafuta mhasibu mwenye CPA, yaani sifa ya mhasibu aliyethibitishwa kitaaluma, aliye karibu nawe. Nitakujibu kwa yaliyonipata mwenyewe, kwa kuwa mimi nilianza kwa kukosea.

Mhasibu wangu wa kwanza nilielekezwa na rafiki. Alikuwa mwungwana, mwepesi wa kupokea simu na nafuu wa malipo, kwa hiyo sikuwahi kumwomba cheti. Kila mwezi nilimpelekea bahasha ya risiti, naye hunijibu kwamba mambo yako sawa. Kumbe akaunti yangu ya kodi aliifungua kwa barua pepe yake na kwa nywila aliyoijua peke yake, hivyo notisi zote zilikwenda kwake. Niligundua kwamba ritani mbili, yaani taarifa za mapato na kodi zinazopelekwa kwa mamlaka, hazikuwasilishwa siku nilipoomba uthibitisho wa ulipaji kodi nikanyimwa, adhabu na riba zikiwa zimekwisha kurundikana. Deni likawa langu, kwa sababu mamlaka humdai mlipakodi hata kama kazi alimkabidhi mwingine.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza ofisi yake iko wapi, tafuta jina lake kwenye orodha ya bodi ya wahasibu. CPA hupatikana kwa kufaulu mitihani, na mwenye nayo husajiliwa na chombo kilichowekwa kisheria: Tanzania ni NBAA, Kenya ni ICPAK, Uganda ni ICPAU, na Marekani kila jimbo lina bodi yake, utaratibu ulioanzia New York mwaka 1896. Hapa wengi huteleza: mtu anaweza kuwa CPA halali aliyeajiriwa na kampuni, lakini asiwe na kibali cha kuuhudumia umma kwa jina lake mwenyewe. Muulize kibali hicho, na uone kama ni cha mwaka huu. Zipo pia nchi, Kenya ikiwemo, ambako wakala wa kodi huhitaji leseni ya pekee mbali na CPA.

Usajili, hata hivyo, hukuonyesha tu kwamba mtu ni halali. Kama anaifahamu kazi yako utajua kwa maswali atakayokuuliza. Mhasibu niliye naye sasa, mama mmoja mpole sana wa maneno, siku ya kwanza aliisogeza kando bahasha yangu ya risiti na kuomba taarifa ya benki ya mwaka mzima. Aliweka rula chini ya kila mstari wa fedha zilizoingia, akawa anauliza, "Hii imetoka wapi, kaka?" Tulipofika mwezi wa nne rula ikasimama. Fungu lile kubwa lilikuwa mkopo wa benki, na yule mtangulizi wake alikuwa ameliingiza kwenye hesabu kama mauzo, maana yake nilikuwa nimelipia kodi fedha ambazo bado nilikuwa nadaiwa. Alinieleza kwa utulivu kwamba mkopo si mapato, kwamba riba yake kwa kawaida huhesabiwa kuwa gharama ya biashara, lakini sehemu ya mkopo wenyewe ninayorejesha haihesabiwi hivyo. Ritani ile ilirekebishwa, ingawa ilichukua miezi.

Kuhusu malipo, nilimkataa mmoja aliyetaka asilimia ya kodi atakayoipunguza, kwa sababu mtu wa namna hiyo ana kila sababu ya kupunguza kupita kiasi, na ukaguzi ukija atakayeulizwa ni wewe. Dai barua ya makubaliano inayotaja kazi atakazofanya, tarehe za kuwasilisha ritani na malipo yake. Akaunti ya kodi ifunguliwe kwa barua pepe yako, yeye apewe ruhusa tu. Na ikiwa hesabu zako zitahitaji kukaguliwa, mkaguzi awe mtu mwingine, kwani anayeandika vitabu hawezi kujikagua mwenyewe.

Hilo la ukaribu lina umuhimu mdogo kuliko unavyodhani, kwa kuwa ritani nyingi siku hizi huwasilishwa mtandaoni. Faida yake niliiona mwisho wa mwaka tu, wakati wa kuhesabu mali. Mama yule alikuja mwenyewe ghalani na daftari lake, akakuta katoni kumi na moja nyuma ya mlango ambazo vitabu vyangu vilisema zimekwisha kuuzwa. Aliziandika, akaniomba nitie saini pembeni, kisha akauliza ufunguo wa stoo ya pili uko kwa nani.