Nilizihesabu siku zangu vibaya

Nilipotimiza miaka arobaini nilichukua kalamu nikapiga hesabu. Zaburi ya 90 inasema siku za miaka yetu ni miaka sabini, na ikiwa tuna nguvu, themanini. Miaka sabini ni siku zaidi kidogo ya 25,500. Nikatoa zilizokwisha kupita, zikabaki zisizofika 11,000. Moyo ukanipasuka.

Hofu ile niliigeuza kuwa ratiba. Niliamka gizani, nikajipangia kazi za watu watatu, na aliyenipigia simu kunijulia hali nilimwona mwizi wa muda. Kwa miezi kadhaa sikukalika. Nilidhani ndiyo hekima.

Kumbe nilikuwa nimesoma aya ya 10 nikairuka ya 12: “Utujulishe kuzihesabu siku zetu.” Hilo ni ombi. Kujumlisha na kutoa hata mtoto anaweza. Musa, ambaye zaburi hii inaitwa sala yake, anaomba afundishwe hesabu ambayo jibu lake ni moyo wa hekima. Na hakuwa mgeni wa kifo. Kitabu cha Hesabu katika Biblia kinaeleza jinsi kizazi alichokiongoza kutoka Misri, wote wa miaka 20 na zaidi isipokuwa Kalebu na Yoshua, kilivyohukumiwa kuishia jangwani. Mtu aliyezika wengi hivyo, aliyelala hemani miaka 40, anaianza sala yake kwa kumwambia Mungu: wewe umekuwa makao yetu. Mahali pa kukaa kwanza, ndipo hesabu.

Angalia pia mpangilio wa maombi yake. Aya ya 14 anaomba kushibishwa fadhili asubuhi. Kazi ya mikono anaiombea aya ya 17, ya mwisho kabisa. Mimi nilianzia mwisho nikaishia hapo hapo.

Daudi naye, katika Zaburi ya 39, anasema Mungu amezifanya siku zake kuwa mashubiri. Shubiri unaijua: panua kiganja, pima kutoka ncha ya kidole gumba hadi ya kidole cha mwisho. Neno hili limenisaidia kuliko tarakimu zangu zote, maana kipimo chenyewe ninatembea nacho. Nikihisi kuanza kujikweza, au kumwekea mtu kinyongo, naupanua mkono chini ya meza. Hakuna anayeona.

Anayedhani tatizo ni uchache wa siku amsome Hezekia, mfalme wa Yuda. Aliugua karibu kufa, akalia, akaongezewa miaka 15. Kisha wakaja wajumbe kutoka Babeli, naye akawatembeza hazina zake zote. Kitabu cha pili cha Mambo ya Nyakati kinasema wazi kwamba moyo wake ulitukuka, yaani ulijaa kiburi. Mimi pia nimewahi kuomba niongezewe muda. Sijui ningewaonyesha wajumbe gani, lakini ningewaonyesha.

Kama unataka kuanza, chukua Zaburi ya 90 uisome kwa sauti, polepole, wiki nzima, kabla hujashika simu. Usiongeze maneno yako mapema. Acha ya Musa yakuchoshe kwanza. Ukifika penye ghadhabu ya Mungu usiruke kama nilivyozoea kufanya, kwa sababu bila aya zile ombi la rehema linakuwa adabu tu. Wiki inayofuata nenda Zaburi ya 63, ambapo Daudi yuko nyika ya Yuda na kiu anayoitaja ni ya Mungu mwenyewe. Hapo ndipo nilipogundua kwamba maombi yangu ya miaka mingi yalikuwa orodha ya mahitaji. Yeye mwenyewe sikuwa nimemtaka.

Ratiba ile ninayo bado, imepungua nusu. Juu kabisa, palipokuwa na saa ya kuamka, nimeandika “utushibishe asubuhi”. Zipo asubuhi ambazo simu bado inanitangulia. Wiki iliyopita zilikuwa tatu.