Kabla hujanunua reli, chora

Juzi kijana mwingine alifika atelie kwangu, huku Katuba, amebeba mfuko: stepa nne za saizi ya NEMA 23, yaani mota zinazozunguka hatua kwa hatua, draiva zinazoziendesha na fimbo mbili za duara zinazong'aa. "Mukubwa, nisaidie kuchora CNC itakayotosha hivi vitu." CNC ni mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta. Ni wa tatu tangu mvua zianze. Wadogo zangu, nawapenda, na ndiyo maana leo nitasema kwa ukali.

1. Anza na kitu utakachokata. Nilimuuliza utakata nini, akajibu: "Vyote." Vyote havichoreki! Mlango wa mukula na tripleksi ya milimita 6 haviombi mashine moja. Andika ubao wako mkubwa kabisa, unene wake na kina cha mchongo. Urefu wa reli utatoka hapo.

2. Chora kutoka ncha ya kisu ukirudi nyuma: kisu, koleti inayokibana, spindo (mota inayokizungusha), bati la Z linalolipandisha na kulishusha spindo, daraja linalovuka juu ya meza, fremu. Mimi nilifanya kinyume. Nilikuwa nimekwisha kununua fimbo mbili za milimita 16, nikazivusha juu ya meza, mita 1.3 toka shavu hadi shavu, zimeshikwa nchani tu. Nilizikandamiza kwa mkono, nikaziona ngumu. Nikafunga spindo la kilowati 1.5 na bati lake, jumla kilo 10 hivi.

Mama mmoja akanipa avansi ya kichwa cha kitanda. Ubao wa mukula aliuleta mwenyewe. Marehemu mumewe aliukausha darini miaka mingi, na mama alitaka jina lake lichongwe pale. Nilipima sifuri, pale kina kinapoanza kuhesabiwa, kwenye ukingo wa kushoto, nikabonyeza. Herufi mbili za kwanza zilitoka safi. Ya tatu ilikuwa pana kuliko wenzake, na kisu kilitetemeka. Niliona. Nikajiambia ni kisu kimelegea, nikaiacha iendelee. Nilipozima, herufi za katikati zilikuwa zimezama zaidi ya milimita tatu kupita nilivyoagiza. Nilikwenda kwa mama na ubao begani. Alipitisha kidole kwenye jina lile, hakusema kitu. Nilirudisha avansi, nikaupiga randa hadi mashimo yakaisha, nikachonga jina kwa patasi, siku nne.

Hesabu niliifanya usiku ule, wakati ilitakiwa ije kabla ya kununua. Kilo 10 katikati ya fimbo mbili za 16 kwa mita 1.3 zinazipinda karibu milimita 3.5. Urefu ukikatwa nusu, kupinda kunapungua mara nane. Kipenyo kikiongezwa maradufu, kunapungua mara kumi na sita. Kwa hiyo daraja liwe bomba la mraba la chuma, na reli ifungwe juu yake kwa urefu wote.

3. Skrubu ya gololi 1605 (unene milimita 16) inasogeza milimita 5 kwa mzunguko: hatua 200 za stepa kwa mzunguko, mara 8 kama draiva inagawa kila hatua mara nane, gawanya 5. GRBL, programu inayoongoza mota, iandikie hatua 320 kwa milimita. Ikiwa ndefu na nyembamba, ukiizungusha kasi inapiga kama kamba.

4. Umeme ukikatika katikati ya kazi, mashine haijui tena ipo wapi. Swichi za kurudi sifuri, zinazoionyesha pa kuanzia, zichore tangu mwanzo, pamoja na kitufe chekundu cha kuzima unachokifikia bila kuinama. Reli zikae mbali na vumbi. Lile jekundu la mukula linaingia hadi kwenye rulma (beringi).

5. Kifaa ulichokosea kuagiza hakirudi Kasumbalesa, kule mpakani, ili ubadilishiwe. Tengeneza kwanza daraja la mbao, lisukume kwa mkono, uone kinachogonga.

Kijana tulikaa naye saa nzima, mwisho akakubali kwamba anachotaka ni viti vya jikoni. Fimbo zake tumezikata vipande vya sentimita 28, zitafanya kazi kwenye Z. Jumamosi anarudi na mchoro.