Studebaker ya 1964 au ya 1966?

Ndugu yangu, umeuliza uchukue Studebaker, gari la zamani la Kimarekani, aina ya Daytona ya 1964 au Cruiser ya 1966, na unahofia kwamba gari la mwaka wa mwisho litakukosesha vipuri. Kwa upande wa injini, mambo ni kinyume chake.

Kiwanda cha South Bend, Indiana, kilifungwa Desemba 1963, na injini za Studebaker zenyewe zikaishia kwenye magari ya 1964. Kazi ikaendelea Hamilton, Kanada, hadi Machi 1966. Kwa magari ya 1965 na 1966 walinunua injini za McKinnon, kampuni ya General Motors huko Ontario, zenye asili ya Chevrolet. Ile V8 (injini ya silinda nane) ya inchi za ujazo 283 inajulikana na fundi yeyote wa magari ya Kimarekani, na vipuri vyake vingi bado vinauzwa.

Lakini kama unataka Studebaker kamili, chukua ya 1964 yenye V8 yao wenyewe ya 289. Ni nzito, ila ni imara kwelikweli, na mimi ningeichagua hiyo bila kusita.

Mwaka wowote utakaochukua, kagua kutu kabla hata ya kuwasha injini. Madigadi ya mbele huoza kwa ndani, na sakafu vilevile. Inua mazulia, gonga bati kwa kidole. Injini hutengenezeka. Bodi iliyooza itamaliza pesa zako. Ukikuta Wagonaire, Studebaker ya steshenwagoni yenye paa la kusogeza, uikague siku ya mvua, maana huvuja.